Maisha ya Daktari Phelista Nakhungu Kagwe na Kaburi la kwa Walubengo

Baba Mchungaji, wazee wa ukoo, wakwe zetu mliotoka Kitale alfajiri, walimu na wanafunzi kutoka Kibabii, na nyinyi majirani wa bonde hili mnaomjua marehemu kuliko karatasi hii inavyomjua, familia inawaomba mketi vizuri chini ya hema, maana maisha tunayoyasoma leo hayakuwa mafupi wala hayakuwa ya kunyamaza, na kwa kuwa hata asubuhi hii kuna waliokuwa wakinong'ona kando ya sufuria kwamba mwili urudishwe Kitale kwa mume, tunatangulia kusema kwamba kaburi liko wazi hapo chini, kwenye shamba la baba yake, hatua themanini chini ya chemchemi, na sababu ya kuwa hapo itasomwa yote, bila kuruka mstari.

Phelista Nakhungu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 14 Juni 1966, katika hospitali ya misheni ya Lugulu, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu mzee Walubengo, mkulima wa mahindi, na mama Beth, ambaye yuko nasi hapa mbele akiwa na miaka themanini na minne, na ambaye kila hati ya serikali aliyowahi kuandikwa ilisema hana kazi, ingawa ndiye aliyekuwa akiamka kabla ya jogoo, akishuka bondeni na mtungi, akipanda nao, akishuka tena, akikamua, akipika, akipalilia, na kuwaogesha watoto sita kwa maji ya chemchemi ile ile inayoitwa kwa Walubengo, ambayo nyumba thelathini na nane za bonde hili zimekunywa tangu kabla ya yeyote kati yetu kuzaliwa.

Alianza masomo mwaka wa 1973 katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kanisa letu, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1979 na kuwa wa kwanza katika kata, mbele ya kaka yake Barasa aliyekuwa anaurudia mtihani huo huo, jambo ambalo Barasa hakulisahau na marehemu hakumwacha alisahau, na mzee Walubengo alipoona kwamba anaweza kusomesha mmoja tu mwaka huo na mkono wake ukaelekea kwa mvulana, mama Beth alisema, "Barasa akikaa nyumbani atachunga ng'ombe vizuri, lakini huyu asiposoma atatumaliza na maswali," na hivyo Nakhungu akaenda sekondari kuanzia 1980 hadi 1985, na Barasa akamfuata mwaka mmoja baadaye. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1987, akahitimu shahada ya kwanza ya uchumi mwaka wa 1990, akafundisha hesabu katika shule ya wasichana mjini Kitale kwa miaka miwili, kisha akarudi chuoni kusomea shahada ya pili.

Ni katika shahada hiyo ya pili alipofanya kosa ambalo alituagiza lisomwe leo, kwa sababu alisema historia isiyo na kosa la marehemu ni tangazo la biashara. Alikuwa amechagua kuchunguza kwa nini wamama wa mtaa wa Tuwan, mjini Kitale, walipita mlango wa zahanati ya bure wakaenda kununua dawa kwenye duka la dawa, na katika jedwali lake kubwa aliandika gharama ya nauli, gharama ya dawa, gharama ya karatasi ya kuandikiwa, na palipohitajika thamani ya muda wa mama asiyeajiriwa akaweka sifuri, kama vitabu vyake vilivyokuwa vimefanya, na kazi hiyo ikasifiwa na kupitishwa mwezi Agosti 1993. Alikuja nayo nyumbani, akaketi jikoni kwenye kigoda, akamsomea mama yake kwa fahari, na mama Beth akasikiliza mpaka mwisho kisha akauliza, "Hiyo sifuri ni ya nani?"

"Ni ya mama ambaye hana kazi, mama. Wakati wake hauna bei."

"Kwa hivyo leo mimi nimekaa tu?"

"Sio hivyo, mama, ni vile wanahesabu."

"Haya," mama Beth akasema, akamwekea mtungi wa lita ishirini miguuni, "nenda unichotee maji, si ni bure."

Msomi wetu akashuka, akapanga foleni, akapanda, na alipofika jikoni saa moja na dakika ishirini zilikuwa zimekwisha na shingo ilikuwa imekataa kugeuka, na alasiri hiyo hiyo alichukua kalamu akaanza kuifuta kazi iliyokwisha kupitishwa. Aliporudi Nairobi kuwaambia walimu wake kwamba anataka kuirudia, mmoja wao alicheka akamwambia, "Nakhungu, si umepita bana, enda ukasherehekee," naye akakataa kupita, akarudi Tuwan na saa ya mkononi, akakaa kwenye benchi ya zahanati siku arobaini na moja tangu saa kumi na mbili asubuhi, akiandika kila mama ameingia lini na ametoka lini, na akagundua kwamba dawa ya bure ilimgharimu mama saa sita, kibanda chake cha mboga kikiwa kimefungwa na watoto wengine wakiwa kwa jirani, wakati dawa ya kununua ilimgharimu dakika kumi. Alihitimu mwaka wa 1995, mwaka mmoja na nusu baada ya wenzake, na sentensi yake ya mwisho katika kazi hiyo ilisema kwamba wamama wa Tuwan wanajua hesabu kuliko waliowahesabu.

Aliajiriwa mwaka huo huo kama afisa wa mipango ya afya mjini Kitale, kazi aliyoifanya hadi 2011, na waliofanya naye watakumbuka kikao kimoja ambapo mkubwa wake alilalamika kwamba watu wa mtaani hawathamini huduma za bure, ati wanapenda kupoteza pesa, na Nakhungu akasimama bila kuombwa akauliza, "Mkubwa, wewe mara ya mwisho kupanga foleni ukiwa na homa ilikuwa lini?" na mkubwa akaitisha chai kabla ya wakati wake. Baada ya chai hiyo zahanati mbili zilianza kufunguliwa alasiri, wakati ambapo soko limepoa, na waliokuja wakaongezeka karibu mara mbili, bila tangazo lolote na bila mtu yeyote kuhubiriwa. Ni yeye pia aliyeondoa dawa ya kutibu maji kwenye rafu za duka, ambako hakuna aliyeikumbuka, akaifunga kwenye kipipa kando ya bomba lenyewe, ili mtu aitie akiwa amesimama hapo na jirani akimwona, na alipoulizwa kwa nini watu wale wale walioitwa wakaidi sasa wanatibu maji alijibu kwamba watu si wakaidi, wana haraka. Shahada ya uzamifu aliipata mwaka wa 2004, kwa utafiti juu ya vyanzo vya maji na magonjwa ya tumbo, na tangu siku hiyo akaitwa Daktari, jina lililomletea akina mama na watoto wenye homa mlangoni, na aliwaelekeza wote zahanati na kuwaambia saa ambayo foleni ni fupi, jambo ambalo daktari wa kweli hakuwa amewahi kuwaambia.

Kuanzia mwaka wa 2012 alifundisha uchumi katika chuo kikuu kilichoko Kibabii, na wanafunzi wake, ambao tunawaona hapo nyuma wamesimama ingawa viti vipo, wanajua kwamba hakumruhusu yeyote aandike neno bure bila kuandika chini yake nani amelilipia.

Tarehe 17 Desemba 1994, katika kanisa moja mjini Kitale, marehemu alifunga ndoa na bwana Zachary Kagwe, muuzaji wa mabomba na matangi, ambaye wazazi wake walikuja Trans-Nzoia kutoka Nyeri, na hatutasema hapa kwamba pande zote mbili zilishangilia, kwa sababu mama mkwe alisema msichana huyu anahesabu hata hatua za kwenda msalani, na shangazi zetu walisema Mkikuyu atamuuza pamoja na mabomba, lakini ndoa hiyo ilidumu miaka thelathini na miezi mitano, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Ciru aliyezaliwa tarehe 3 Septemba 1996, ambaye ni muuguzi, na Kim aliyezaliwa tarehe 21 Februari 2000, ambaye amefuata mabomba ya baba yake.

Sasa tunafika kwenye miti, na wale waliotuomba tuiruke tunawaomba radhi. Mzee Walubengo aliaga mwaka wa 2009, na mwaka wa 2016 Barasa, kaka wa marehemu, alipanda mikaratusi mia sita, hii tunayoiita bluu gamu, kuizunguka chemchemi, kwa sababu nguzo zilikuwa na soko na kila jirani alikuwa anapanda, na hakuwa mtu mbaya kwa kufanya hivyo, alikuwa mtu mwenye shamba. Mtungi uliokuwa ukijaa kwa sekunde arobaini ulianza kujaa kwa dakika moja, halafu mbili, na kufikia Januari 2019 ulijaa kwa dakika tano, na wamama waliochoka kungoja wakaanza kushuka mtoni ambako ng'ombe hunywa, na watoto wakaanza kuharisha, na Nakhungu, ambaye alikuwa akija kila Jumamosi na saa yake, akaandika yote, mtungi kwa mtungi, mtoto kwa mtoto, kisha akamwomba chifu aitishe baraza.

Barazani alieleza kwa lugha ambayo hata sisi tusiosoma uchumi tulielewa, kwamba mwenye miti anapoketi kupiga hesabu ya nguzo zake huandika miche, mbolea na kibarua, lakini maji ambayo miti imekunywa hayaandiki, kwa sababu hayo yanalipwa na nyumba thelathini na nane, kwa miguu ya wamama na matumbo ya watoto, na kama yangeandikwa kwenye hesabu yake asingepanda hata mche mmoja. Barasa alisimama akamjibu, "Dada, wewe uliolewa Kitale. Maji ya hapa unayatafutia nini, unayanywa na mdomo gani?"

"Na ule ule nilionyonya nao kwa mama yako," marehemu akamwambia, na baraza likacheka, hata mzee mmoja ambaye hakuwa amecheka tangu msimu wa mvua.

Kicheko hakikung'oa mti. Ndipo Nakhungu alipofanya jambo ambalo wengi wa mabinti wa bonde hili, ingawa sheria inawaruhusu, huona aibu kulifanya, akaenda mahakamani Bungoma kudai sehemu yake ya urithi kama mtoto wa Walubengo, na alipoulizwa anataka ipi akaacha kipande cha barabarani ambacho kingefaa maduka, akachagua kile cha chini chenye jicho la maji na njia pekee ya kupitisha lori, na mwezi Machi 2021 akapewa, na mwezi Mei akaikata mikaratusi yote iliyokuwa ndani ya mipaka yake, akampelekea Barasa kila nguzo mpaka uani kwake, na kufikia mvua za mwaka uliofuata mtungi ulikuwa unajaa kwa dakika moja na nusu, ambayo sio sekunde arobaini, lakini wamama waliacha kwenda mtoni.

Tumeshauriwa tuseme kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi. Hakuugua kwa muda mfupi. Alianza kupata shida ya kumeza mnamo Februari 2023, akajiambia ni ugali mkavu, akajiambia ni chai ya moto, akaahirisha kupimwa mara tatu kwa sababu ya mitihani ya wanafunzi na mara moja kwa sababu ya foleni, yeye aliyejua bei ya kungoja kuliko mtu yeyote katika kaunti mbili, na alipopimwa mwezi Novemba ikawa ni kansa ya koo, ambayo imewachukua watu wengi wa hapa, ikizikwa kwa majina mengine. Alipata matibabu kwa mwaka mmoja na nusu, akafundisha mpaka sauti ilipokataa, kisha akafundisha kwa kuandika ubaoni, na alituagiza tuwaambie kwamba chakula kikikwama kooni wiki mbili usiende kwa mwombaji, nenda upimwe, halafu mwombaji aje.

Akiwa kitandani mwezi wa Februari mwaka huu alisikia kwamba amepatikana mnunuzi wa bonde lote, anayetaka kupanda mikaratusi kutoka juu mpaka mtoni, na kwamba baadhi ya wazee wamesema binti aliyeolewa akifa shamba lake hurudi kwa kaka, hasa kwa kuwa hati yake ilikuwa bado haijatoka ofisini. Alijua, kama tunavyojua sote, kwamba hakuna mnunuzi anayependa shamba lenye kaburi la watu wengine, kwamba lori halipitishwi juu ya mtu, na kwamba mahakama yenyewe husita mbele ya msalaba. Akamwita Ciru, akamwomba fimbo ya kupimia, akabebwa kwenye kiti mpaka hapo chini, akachagua mahali katikati ya njia, chini ya jicho la maji na nje ya mkondo wake, afisa wa afya akapima tena na kuridhika, na akaandika kwa mkono wake kwamba azikwe hapo na si mahali pengine popote.

Daktari Nakhungu aliaga dunia siku ya Jumanne, tarehe 13 Mei 2025, saa nne asubuhi, hospitalini mjini Kitale, akiwa na mumewe na watoto wake, akiwa amebakiza mwezi mmoja kufikisha miaka hamsini na tisa.

Siku kumi na moja zilizofuata mlizisikia wenyewe. Wazee walisema haijawahi kuonekana mke wa mtu azikwe kwa baba yake kama msichana aliyeshindwa kuolewa, na wakamwuliza bwana Zachary kama haoni aibu, naye akawajibu, "Wazee wangu, mimi nilimwoa yeye, mifupa yake sikuiwekea kufuli. Alinisumbua miaka thelathini kwa kuchagua mambo yake mwenyewe, nianze leo kumkataza?" Walipomwendea mama Beth na kumwambia kwamba kaburi la namna hiyo huleta bahati mbaya bomani, aliwauliza ni bahati mbaya gani inayozidi kiu. Juzi Alhamisi vijana walioitwa kuchimba waliweka majembe chini, baada ya mtu ambaye hatutamtaja kuwaambia kwamba atakayechimba kaburi la mwanamke aliyeolewa kwa baba yake hatapata mtoto, na ndipo mama Cherop, mwenyekiti wa kikundi cha maji, aliposhuka na lesso yake kiunoni akasema, "Leteni hiyo jembe hapa. Mimi nilishamaliza kuzaa." Wakashuka naye wamama kumi na mmoja, wakachimba mpaka kiunoni, huku nusu ya ukoo ikitazama kutoka juu kama watu waliokuja mpirani, mpaka Tonny, mwana wa Barasa, alipovua koti akaruka ndani na vijana wengine wakamfuata kwa aibu.

Barasa mwenyewe alikuja jioni hiyo, akasimama ukingoni, akauliza, "Mmepima?" na mama Cherop akamjibu, "Alipima yeye," naye akaenda zake. Hajasema ndiyo, na familia haitamsingizia, ingawa anayewasomea haya ni binti wa kwanza wa Barasa huyo huyo, Roselyne, ambaye marehemu alimchagua kwa makusudi na kumwambia kwamba sauti isitetemeke akifika kwenye miti.

Marehemu ameacha mume, Zachary Kagwe, watoto wawili, Ciru na Kim, mama yake mzazi, kaka na dada watano, wapwa ishirini na watatu, na nyumba thelathini na nane.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kitale na Lugulu, hasa wale waliomweleza ukweli alipowauliza, walimu wenzake na wanafunzi wa Kibabii waliobeba ubao mpaka wodini, majirani wa Tuwan waliopika siku zote hizi, wamama wa kikundi cha maji kwa majembe yao, mchungaji aliyekubali kuja ingawa aliandikiwa barua asije, na pia bwana mnunuzi, ambaye gari lake jeupe tumeliona limeegeshwa langoni, tunamshukuru kwa kuja kutufariji, chakula kipo cha kutosha, na tunamwomba tukishuka sasa ashuke nasi mpaka chini, asimame karibu, aone kwa macho yake mahali penyewe, atupe udongo mkono mmoja kama kila mtu, halafu arudi alikotoka salama.

Nakhungu wa Walubengo, mke wa Kagwe, mama Ciru, kazi umeimaliza, lala hapo ulipopima, pumzika, na usisogee.